Kila Mtu Ajibu Jina Lake

Bruxelles, Jumapili, 9 Machi 2025

Kwako yaya, kaka yangu Florent,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Jeanine mke wako, halafu Mama zaidi yenu wote. Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi. Bado niko zamu ya usiku katika nyumba ya wazee. Wazee wenyewe wanalala fofofo, na mimi ninayelipwa nikeshe ndiye ninayepigana na kope.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yako ilikwenda na wale walioingia nyumbani mwezi wa kwanza, vita ilipofika mjini, na ile ya Jeanine tukiishika kila mtu anasema "tuko salama" kisha anakata. Nimechoka na hiyo "tuko salama". Barua hii ataibeba Mama Élisabeth wa vitenge, anayepitia Kigali. Akirudi huku mpe jibu, hata mistari mitatu.

Sasa usicheke. Kazini kwetu kuna kikundi ambacho kila mwaka kinapanda baiskeli jioni, kinaendesha usiku kucha, na kunapopambazuka kinafika baharini, Ostende. Kilomita mia moja na ishirini. Mwaka huu ni usiku wa tarehe 30 mwezi wa nane, na mimi nimejiandikisha. Ndiyo, mimi, ambaye Papa alinikataza hata kushika usukani wa kinga, baiskeli yake, eti nitavunjika meno. Nilijifunza hapa miaka miwili iliyopita, nina miaka thelathini, nyuma ya duka moja, watoto wakiniangalia.

Kosa langu ni mdomo. Walikuwa wanalalamika juu ya baridi na giza, nikawaambia baba yangu alifanya hivyo kila wiki, kutoka Masisi hadi Goma, na kilo sitini za fromaji, jibini letu, juu ya baiskeli, bila taa. Wote wakanigeukia. Sasa Lieve, muuguzi anayetuongoza, anataka niwaeleze mlikuwa mnajipangaje watu wengi njiani usiku. Mimi najua nini? Nilikuwa internat, shule ya bweni kwa masista. Wewe ndiye uliyekuwa katika mstari ule.

Mwezi wa kumi Papa atatimiza miaka kumi na mitano tangu afe. Ninalolijua ni lile la Mama: kwamba Ntirenganya, kapita wenu, kiongozi wa mstari, alimwacha njiani akaendelea na safari yake. Sijawahi kukuuliza habari za usiku ule, na sikuulizi leo. Nauliza tu mlikuwa mnaendeshaje.

Mbusu Mama hata kama anajifanya hataki.

Mdogo wako,
Patricia


Goma, Jumapili, 27 Aprili 2025

Patricia,

Barua yako imefika ikiwa na harufu ya vitenge vipya. Jeanine ameinusa zaidi ya alivyoisoma. Nilicheka ulivyonikataza nisicheke. Mama naye alicheka, halafu akauliza kama hao wenzako hawana magari.

Sisi tupo. Walichukua simu, godoro, na ndoo mbili, ya tatu wakaiacha kwa kuwa imetoboka. Banki zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, lakini mashua za Kituku, pale ziwani, zinatembea, kwa hiyo kazi bado ninayo. Nakaa pale kwenye meza yangu naandika majina ya abiria, mashua ikijaa nasimama nayaita. Jioni sauti imekwisha. Nikifika nyumbani Jeanine ananiuliza kitu, namjibu kwa kichwa. Mama ana tension, damu inapanda, anakunywa dawa siku anayotaka yeye.

Haya, njia yetu. Tulitembea usiku kwa sababu ya jua. Fromaji ikipigwa na jua inatoa mafuta, na ukifika sokoni unanuka wewe na mzigo wako. Tulikuwa watu kumi na wanne, tunatoka Masisi saa moja ya jioni. Waambie wenzako mambo haya:

Mzigo ukae chini na usicheze. Mzigo unaocheza unamaliza mapaja kabla ya mlima wa kwanza.

Usimfuate mwenzako kwa karibu mpaka usikie pumzi yake. Sikia cheni yake, inatosha.

Wa mbele akiona shimo anasema "shimo", na kila mmoja anarudisha neno nyuma hadi kwa wa mwisho. Ukilinyamazia wewe, anayeanguka ni wa nyuma yako.

Wa mbele ni yule anayeijua njia. Kwetu alikuwa Ntirenganya. Wa mwisho ni yule asiye na haraka, na huyo alikuwa Papa. Juu ya kila mlima na chini ya kila mteremko tulikuwa tunaitana. Tukifika Kituku kunapambazuka, tunanawa uso ziwani, tunakula mukate na samaki wadogo, halafu soko.

Ni hayo. Mengine wanayajua, wao ni watu wa Ulaya.

Na kwa kuwa umelitaja jina lake: Ntirenganya yuko hapa Goma. Alikuwa kambi ya wakimbizi Kanyaruchinya. Kambi zilipofungwa watu warudi kwao, alikuta kwao hakuna nyumba, akateremka tena kwa binti yake Julie, upande wa Ndosho. Mwezi uliopita alikuja mlangoni kumsalimia Mama. Mama alimwangalia, akafunga mlango polepole, akarudi kuchagua maharage. Muzee alisimama pale nje mpaka nikaona aibu, nikapitia nyuma kwenda kazini.

Kula vizuri kabla ya safari. Mwembamba hafiki.

Florent


Bruxelles, Jumapili, 1 Juni 2025

Yaya,

Salamu kwenu wote. Mwambie Mama magari wanayo, wanayaacha nyumbani makusudi, wanalipa hata pesa ya kujiandikisha ili wateseke. Atakosa usingizi kwa kulifikiria. Na mwambie nimemtumia dawa za miezi mitatu kwa Mama Élisabeth, za kila siku, si za siku anayotaka.

Tumefanya mazoezi mara mbili. Mara ya kwanza kilomita arobaini, nikashindwa kukaa siku tatu, nikawa naandika ripoti za wazee nimesimama. Mambo yako nimewafundisha. Lile la "shimo" wamelipenda sana. Hapa mashimo hakuna, basi wanasema "shimo" kwa kila kitu: paka, jiwe, mtu na mbwa wake. Watu kumi na tisa wazima wanapiga kelele "shimo" kwa Kiswahili vijijini mwa Flandre. Papa angecheka mpaka akohoe.

Lakini umeniandikia kama mtu anayepita juu ya maji kwa mawe. Unasema "tulikuwa tunaitana", basi, umeruka. Mnaitanaje? Nani anaita? Anaita majina au anahesabu? Lieve anasema hicho ndicho tunachokosa, kwa sababu mwaka jana walimpoteza mtu saa mbili nzima.

Na mimi nina sababu yangu. Kama Ntirenganya alikuwa anaita majina, aliwezaje kutosikia kwamba Papa hayupo? Watu kumi na wanne, si mia. Nimelifikiria hilo zamu nzima. Alijua, akaona kusimama ni kazi, akaendelea. Mama ana haki. Asifungue.

Hukusema wewe ulikuwa wa ngapi katika mstari.

Patricia


Goma, Jumapili, 29 Juni 2025

Patricia,

Dawa zimefika, Mungu akubariki. Mama anazinywa mbele ya Jeanine, halafu anamwonyesha ulimi kama mtoto wa darasa la première.

Sina mengi. Wiki hii mashua moja ilikaa siku mbili bila ruhusa ya kuondoka, na kila asubuhi nilianza majina upya kutoka juu. Nimechoka kwa namna ambayo usingizi hausaidii.

Kuhusu baiskeli: upepo wa magurudumu uupime jioni, baridi ya usiku inaupunguza. Vaa soksi mbili. Mambo ya kuitana, acheni. Nyinyi mna taa na simu.

Ntirenganya amekuja tena. Amezeeka, jicho moja limeingia ukungu. Mama alipokataa, akakaa juu ya jiwe nje, akaniambia mimi: "Nilisikiaka 'niko'. Ile usiku nilimuita papa yako Baharanyi, nikasikia 'niko', nikaenda. Pengine ilikuwa upepo. Pengine masikio yangu njo ilianzaka kufa." Anataka Mama amwambie neno moja la kumsamehe, afe nalo. Julie amenipitia Kituku kuniambia kwamba baba yake hali vizuri, na kwamba usiku anaita majina yote ya mstari kitandani, akifika la mwisho ananyamaza.

Nilimpa maji. Akashukuru sana. Ungesikia alivyoshukuru.

Mama anasema aende kufa na makosa yake.

Florent


Bruxelles, Jumapili, 20 Julai 2025

Yaya Florent,

Nawasalimu. Mimi nimepungua kilo nne, suruali ya kazi naifunga kwa kamba ya bandeji. Jua la huku linazama saa nne ya usiku, ukitoka kazini asubuhi hujui ulale saa ngapi. Siku nyingine nalala nimevaa viatu.

Ulisema tuache kuitana. Hatukuacha. Jumamosi iliyopita tulifanya mazoezi ya usiku, kilomita sabini, na mimi nilipewa kazi ya kuita majina kila tunapovuka mto au reli. Naita, mtu anajibu "niko". Wameng'ang'ania iwe "niko".

Kwenye reli ya pili nikaita Dirk, mume wa Lieve. "Niko!" Tukaenda. Baada ya kilomita tisa tukasimama kunywa maji, Dirk hayupo. Tukarudi wote. Tukamkuta kwenye kituo cha mafuta, amekaa chini anakula mkate. Alikuwa amekwenda kukojoa, akatoka akakuta njia tupu. Kumbe aliyemjibia ni Lieve. Akasema: "Nilijua yuko nyuma yangu tu. Na nilikuwa nimechoka, sikutaka tusimame tena."

Tulicheka mpaka mjini. Dirk ndiye aliyecheka kuliko wote. Nilifika nyumbani bado nacheka, nikakaa kitandani kuvua viatu, na hapo ndipo kicheko kilipokatika.

Yaya, sikuulizi kwa ubaya. Kwenu pia watu walikuwa wanajibiana?

Papa alikuwa wa mwisho. Mbele yake alikuwa nani?

Patricia


Goma, Jumapili, 10 Agosti 2025

Patricia,

Mama mzima, Jeanine mzima. Nimekaa na barua yako siku nne. Mama Élisabeth anaondoka keshokutwa, na nikimwacha aende bila hii, sitaiandika tena.

Mbele ya Papa nilikuwa mimi.

Ndiyo, tulikuwa tunajibiana. Haikuwa siri wala kosa. Mtu amepanda mlima na kilo sitini, koo imekauka, pumzi hana, jina lake linaitwa: wa mbele yake anamjibia, ili mzee wa watu apumue. Ilikuwa heshima. Mimi nilimjibia Papa mara nyingi, na kwa kuwa sauti zetu zilifanana, wenzetu walikuwa wanatutania kwamba Baharanyi ana midomo miwili.

Usiku ule mvua ilinyesha tangu Masisi. Juu ya Mushaki, kabla ya kuteremka Sake, cheni ya Papa ikatoka. Nikasimama. Akaniambia: "Mwende tu, niko nakuya. Nitabakuta ku chini." Nikaenda. Chini ya mteremko Ntirenganya akaita. Alituita sote, taratibu, kama kawaida yake, na mvua ilikuwa inamwingia mdomoni. Akafika: "Baharanyi, uko?"

Nikajibu: "Niko!"

Nilijua hajafika. Nilifikiri anafika sasa hivi, dakika tano, dakika kumi. Nikisema hayupo, tunasimama wote kwenye mvua mpaka aje, na miguu yangu ilikuwa inatetemeka, na Sake kulikuwa na moto wa mama mmoja wa chai. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na nilikuwa nimechoka. Nimetafuta sababu nyingine miaka yote hii, ili iwe angalau kubwa. Sijaipata. Nilichoka, basi.

Tulifika Sake, tukanywa chai. Nilikunywa vikombe viwili nikiangalia njia. Kikombe cha pili kilipokwisha nikasema Papa hajafika. Ntirenganya aliacha baiskeli yake na mzigo wake pale, akapanda mlima kwa miguu akikimbia. Ndiye aliyemwona, kulipoanza kuwa na mwanga, chini ya kona ya tatu, amevunjika paja. Alikuwa amekwisha kupoa. Lakini alikuwa amevua jaketi lake, amelikunja, ameliweka chini ya kichwa. Mtu anayekufa papo hapo hakunji jaketi, Patricia. Alilala pale akitungoja.

Kwenye matanga Mama alimuuliza Ntirenganya mbele ya watu wote: ulimwita au hukumwita? Akasema: nilimwita, akajibu. Mama akamwambia mwongo. Watu wakamwambia mwongo, na mengine mabaya wakamwongezea, ya kabila lake na ya lugha yake, unawajua watu wetu. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na sahani ya wali. Nilifikiri nitasema kesho. Halafu kesho yake tulizika.

Sasa unajua kwa nini sijapanda baiskeli tena. Na kwa nini pale Kituku mtu akimjibia mwenzake nafunga daftari, naanza upya kutoka jina la kwanza. Abiria wananitukana. Wanasema huyu karani ana roho mbaya.

Sikuombi kitu. Ulikuwa umekwisha kuuliza.

Florent


Goma, Jumapili, 21 Septemba 2025

Patricia,

Mama Élisabeth amekuja na mzigo wako wa dawa, ila barua hapana. Nikamuuliza mara mbili, akafungua begi lote mbele yangu. Basi. Salamu zangu unazo hata bila kuzijibu.

Safari yenu ya baharini imepita, natumaini ulifika.

Nilikwenda Ndosho. Ilinichukua Jumamosi tatu. Ya kwanza nilifika mpaka kwenye duka la mkaa karibu na nyumba yao, nikanunua mkaa, nikarudi. Ya pili hivyo hivyo. Jeanine akaniuliza mkaa wote huu ni wa nini, tunafungua restora?

Ya tatu Julie aliniona, akanishika mkono. Muzee alikuwa amekaa kitandani na blanketi miguuni. Nilimwambia nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kusema habari za mvua. Nikamwambia: Papa Ntirenganya, usiku ule aliyejibu "niko" ni mimi.

Nilikuwa nimejitayarisha anipige, au alie, au amwite Julie anitoe nje. Akageuza lile sikio lake zima upande wangu, akasema: "Sema tena." Nikasema tena. Akauliza: "Ilikuwa mutu? Haikukuwa upepo?" Nikasema ilikuwa mutu, ilikuwa mimi. Akapumua, Patricia, kama anayeshushwa mzigo wa baiskeli mgongoni.

Akasema: "Basi nilisikiaka muzuri."

Akarudia mara tatu au nne, akimwambia Julie, akiuambia ukuta. "Nilisikiaka muzuri. Miaka kumi na tano niko nasema masikio yangu njo iliua mutu." Aliacha baiskeli mwaka ule, kumbe ni kwa hilo. Hakuamini tena anachokisikia gizani. Hata Julie akimwita jikoni alikuwa anauliza mara mbili.

Kuhusu mimi hakusema neno, la kunisamehe wala la kunilaani. Nilipotoka akasema tu: "Mama yako ajue." Hakuomba, aliniambia kama kapita anavyosema.

Nilimwambia Mama kesho yake jioni. Alikuwa anachagua maharage. Mikono haikusimama. Alipomaliza akayaloweka, akaenda kulala bila kula. Asubuhi alivaa kitenge cha misa, siku ya Jumatatu, akamuuliza Jeanine: "Kwa ule muzee ni wapi?" Wakaenda pamoja kwa pikipiki. Jeanine anasema Mama aliingia, akapiga magoti chini, yeye na magoti yake yale mabaya, na hakuinuka mpaka muzee mwenyewe aliposhuka kitandani kumwinua. Sasa anakwenda kila Jumatatu na maziwa.

Mimi haniiti. Chakula akinipakulia, anamwambia Jeanine: "Ya kwake iko pale." Jina langu halijatoka mdomoni mwake tangu siku ile. Sisemi anaonea. Nakuandikia tu ujue hali ya nyumba.

Kaka yako,
Florent


Bruxelles, Jumapili, 12 Oktoba 2025

Yaya Florent,

Msalimie Mama, msalimie Jeanine, na hao wa Ndosho wasalimie wote kwa jina langu.

Barua yako ya mwezi wa nane ilinifikia siku tisa kabla ya safari. Sikujibu. Nilikasirika, nakuambia wazi. Nimemchukia yule mzee tangu nina miaka kumi na saba, nimemchukia kwenye sala, kumbe kosa lenyewe lilikuwa lako. Nilitaka kuacha hata baiskeli.

Halafu Jumatano, zamu ya usiku, saa kumi za alfajiri, kengele ya chumba namba kumi na mbili ikalia. Huyo bibi anapiga kengele kila usiku, ukifika anasema hakuna kitu. Nilikuwa nimekaa. Nikanyoosha mkono nikaizima bila kuinuka. Nilipita kwake saa moja baadaye, amelala, anakoroma. Hakukuwa na kitu. Lakini sikujua kama hakuna kitu nilipoizima. Nilisimama mlangoni pale nikakuwaza wewe na vikombe vyako viwili vya chai. Hilo sijamwambia mtu, nakuambia wewe.

Nikaenda baharini.

Kabla ya kuondoka niliwaambia amri moja: kila mtu ajibu jina lake. Asiyejibu, tunasimama, hata kama tunajua yuko wapi, hata kama ni mumeo. Lieve akainamisha kichwa, akidhani nasema yeye. Tuliondoka saa tatu za usiku. Mvua ndogo ilitushika njiani, upepo wa mbele ukatunyonya nguvu zote. Nililia kidogo kwenye kilomita ya themanini, mapaja yalikuwa yamekataa. Niliita majina mara kumi na moja. Tulisimama mara mbili, mara moja kwa mtu aliyekuwa amechoka tu kujibu. Wakanung'unika. Nikawaacha wanung'unike.

Bahari ya huku si nzuri, yaya. Ni ya kijivu, na mchanga unakuingia mdomoni. Tulifika saa kumi na mbili na nusu, watu wakatupa baiskeli chini wanataka kahawa. Nikawaambia bado, mara ya mwisho. Nikawaita wote kumi na tisa, wakajibu.

Nikaita: "Baharanyi, uko?"

Walimjua ni nani, nilikuwa nimewaeleza. Hakuna aliyejibu. Dirk alikuwa anatetemeka kwa baridi, soksi zinachuruzika maji, akasimama tu. Tulingoja dakika kumi, wote. Hakuna aliyemjibia.

Barua yako ya mwezi wa tisa ilinikuta nimesharudi kazini. Nimeisoma sehemu ya Mama mara nyingi. Sijui kukuambia kwamba yamekwisha. Hayajakwisha kwangu, na kwa Mama ndiyo kwanza yameanza, naye ana haki achelewe. Mimi mwenyewe nimekaa karibu miezi miwili bila kukuandikia. Usiondoke hapo mezani anapokuwekea chakula, hata kama anakuita "ya kwake".

Pale mchangani, kabla hatujatawanyika, niliita jina moja zaidi, lako. Ulimi ulikuwa tayari kukujibia. Niliung'ata. Wewe pia tunakungoja, na safari hii utajibu mwenyewe, kwa sauti yako, hata ikichukua muda.

Florent, uko?

Patricia